Sikio la Kuazima

"Sikio la kuazima halichezi ngoma."

Neno hili mlilisikia jana kwa Nyanya Mbeyu, mkacheka, kisha mkaniuliza limetoka wapi. Mwenzenu Tsuma alikuwa amekaa kizingitini anasikiliza wimbo kwenye simu yake, kichwa kinamchezacheza, raha mpaka usoni. Wenzake walipoingia uani akaukata upesi, akaweka mwingine, ule wa makelele wanaoupenda wao, akajifanya ndio aliokuwa nao tangu asubuhi. Nyanya Mbeyu akamwona. Akasema neno lake, akaendelea kuchambua mchicha.

Nyinyi mliona ni maneno ya kizee tu. Mimi sikucheka, kwa sababu najua yalikoanzia. Aliyeyasema mara ya kwanza ni mama aliyemzaa huyo huyo Nyanya Mbeyu, na siku hiyo Nyanya Mbeyu alikuwapo. Nimeona niyaandike, maana nikiwaambia kwa mdomo mnasikia nusu. Chanzo chake ni hiki.

Miaka ile simu za mkononi hazikuwapo. Aliyependa muziki alikuwa na redio, na asiyekuwa na redio alikuwa na jirani. Watu walikuwa wakituma salamu. Mtu alinunua kadi ya salamu dukani, akaandika jina lake, jina la anayemsalimu na wimbo anaouomba, akaitia posta iende mpaka kituo cha redio. Ikiwa na bahati, mtangazaji aliisoma na wimbo ukapigwa. Waliokuwa wakisikiana majina redioni wakaanza kutafutana, wakaunda klabu za salamu. Hapa Kinango pia ilikuwapo moja.

Klabu ya hapa ilikutana kila Jumamosi alasiri kwa Mwero, fundi wa redio. Mwero ndiye aliyekuwa mwenyekiti, mtu mnene, mpole, mpenzi wa rumba. Redio zilizokufa zilijaa ukutani mpaka juu, na moja nzima ilikaa katikati ya meza. Mgeni akitaka kujiunga alitakiwa kujitaja. Alisimama, akasema jina lake la redioni, kisha akasema muziki wake ni upi na anaupendea nini. Hapo ndipo wenzake walipomdaka kwa maswali na mizaha mpaka jasho limtoke. Muziki aliojitaja nao ndio uliomfuata kwenye kila kadi.

"Mimi ni taarabu," alikuwa akisema Kache, muuza mahamri. "Fidla ikianza kulia, mahamri yangu yote huungua, na sijali."

"Ndiyo maana tunakula makaa kila asubuhi," alimjibu Chaka, kijana wa karakana ya baiskeli, ambaye yeye alikuwa mtu wa rege.

"Nawe rege inakupa nini, zaidi ya nywele zisizopita mlangoni?"

"Inanipa pumzi, dada."

Mwero alicheka na tumbo lake. "Rumba jamani. Gitaa la rumba linaongea kama mtu aliyeshiba."

Ndivyo walivyokaa, kila mtu akiutetea wake, wakirushiana maneno, kisha wakisikilizana. Kulikuwa na raha, sikatai. Mtu huwa na hamu ya kukaa na wanaopenda anachopenda.

Siku moja waliingia wageni wawili. Wa kwanza alitoka upande wa Samburu, ile ya huku kwetu pwani. Aliposimama kujitaja, alisema yeye anapenda kayamba na ngoma za kwao. Chaka hakumpa nafasi ya kueleza.

"Kaka, hapa hatuombi mvua! Umepotea njia, kaya ya matambiko iko kule juu mlimani!"

Watu wakaangua kicheko. Yule mgeni naye akacheka, akakaa. Jumamosi iliyofuata hakuonekana, wala ile ya baada yake.

Mgeni wa pili alikuwa Nyanje, kaka yake Mbeyu. Alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga, na alikuja kwa Mwero moja kwa moja kutoka kazini, nyusi bado nyeupe. Moyoni alikuja na sengenya. Sengenya, kwa msioijua, ni ngoma ya wazee wetu, ya magoma na nzumari, na watu huicheza kwa mabega na kwa mguu wa polepole. Nyanje alilelewa ndani yake. Mama yake, Bi Umazi, alikuwa mwimbaji wa sengenya aliyejulikana tangu Kinango mpaka Lunga Lunga, na mtoto alilala mgongoni huku mama anacheza. Lakini kicheko alichochekwa mgeni mwenzake kilikuwa bado hakijakauka mle ndani. Nyanje akasimama, akasema:

"Mimi ni rumba."

"Karibu nyumbani!" Mwero akamshika mkono.

Basi likawa ni hilo. Nyanje akawa mtu wa rumba. Akajifunza kwa Mwero majina ya wapiga gitaa, akajifunza kusema "sikieni besi hiyo" kabla wengine hawajasema. Jina la uongo ni kama mbuzi wa kufugwa, lazima ulilishe kila siku. Naye alililisha, likanenepa, mpaka watu wa mbali wakamjua redioni kwa rumba. Sengenya aliiacha nyumbani kwa mama yake, na hata huko akawa hakai nayo. Wanawake wakija kuimba uani, yeye alikuwa na safari.

Halafu Bi Umazi akaanguka. Alikuwa anapanda ukingo wa bwawa na ndoo kichwani, tope likamvuta, akavunjika paja. Akalazwa, akatibiwa vizuri, akarudishwa nyumbani. Daktari alimwambia Nyanje wazi: "Mfupa umeunga. Sasa kazi ni yake. Asimame kila siku, hata kidogo. Akizoea kukaa, goti litaganda, na likiganda sitaweza kumsaidia."

Bi Umazi hakutaka kusimama. Maumivu aliyaweza, hofu ndiyo iliyomshinda. Alikaa kwenye kigoda chake asubuhi mpaka jioni, na fimbo ya kutembelea imelazwa chini kama kuni.

"Mayo," Nyanje alimwambia, maana Waduruma humwita mama hivyo, "simama kidogo tu. Nimekushika."

"Nikianguka utanizoa kwa beleshi?"

"Hutaanguka."

"Hata yule beberu uliniambia fisi hatamla. Yuko wapi?"

Mbeyu alijaribu kwa upole, Nyanje alijaribu kwa ukali, majirani wakajaribu kwa mizaha. Wapi. Mpaka siku moja alisema mwenyewe, bila kuulizwa:

"Nipigieni ile sengenya yetu ya redio. Muone kama sitasimama."

Sengenya ya redio ilikuwa hivi. Zamani kidogo watu wa redio walikuja huku na mashine ya kunasa sauti, wakazinasa ngoma za wenyeji, na kundi la Bi Umazi likaimba. Ilipigwa mara chache tu, lakini yeye aliijua pumzi kwa pumzi. Alikuwa akisimulia kwamba katikati kuna mtu anakohoa, na ni mzee Bemwaka, aliyekatazwa kukohoa akakohoa hivyo hivyo. Kundi lenyewe lilikuwa limekwisha. Mpiga nzumari amekufa, wapiga ngoma wametawanyika. Wimbo ulikuwa umebaki kule kwenye redio peke yake.

Nyanje akafurahi sana. Nani awezaye kumwombea mama wimbo kuliko yeye, mtu wa klabu ya salamu? Akamwambia, "Mayo, nitauleta wimbo wako. Wewe jitayarishe tu."

Na Bi Umazi akajitayarisha kweli. Mbeyu anasema tangu siku hiyo mama yake alianza kupaka magoti mafuta ya nyonyo. Alikuwa akiyakunja na kuyakunjua pale pale kigodani, akijificha asionekane. Akaagiza hando lake, ile sketi ya marinda ya akina mama wa zamani, litolewe sandukuni lianikwe juani. Mwoga anapoanika nguo ya ngoma, ujue amekusudia.

Jumamosi Nyanje akaenda klabuni. Kumbe wenzake walikuwa wamekwisha sikia habari za mama yake, na walikuwa wakimngoja.

"Tumekubaliana," alisema Mwero. "Tutamtumia mama salamu za klabu nzima, majina yetu wote. Kadi ya klabu hairukwi, lazima isomwe. Sasa tuambie, mama anapenda wimbo gani?"

Mwaona, alipewa nafasi. Haikumbidi hata kuomba. Nyanje alifungua kinywa, na ndipo Chaka akadakia kwa utani:

"Mama wa mtu wa rumba! Si ajabu utasikia anataka kayamba!"

Wakacheka. Nyanje akacheka nao.

"Rumba," akasema. "Kama mimi."

"Mama mzee, rumba!" Mwero akapiga meza, redio ikaruka. "Huyo ndiye mama! Kache, sikia hiyo! Andika haraka."

Wakamsifia mama yake asiyekuwapo, na sifa zikamwingia Nyanje kama uji wa moto, zinachoma huku zinashuka.

Msidhani alimsahau mama yake. Alipofika nyumbani aliandika kadi yake mwenyewe ya kuomba sengenya. Alifikiri zikienda kadi mbili, zote zitasomwa, klabu ipate rumba yake na mama apate ngoma yake. Lakini kila alipotaka kuandika jina lake la redioni, mkono ulikataa. Nchi nzima itamsikia mtu wa rumba anaomba sengenya! Akaandika tu, "Mimi msikilizaji wa Kinango." Na kila mtuma salamu alijua kwamba kadi isiyo na jina haisomwi. Yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha wageni jambo hilo.

Kadi ya klabu ndiyo iliyofika. Watu wa redio wakaarifu kwamba itasomwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, mchana. Nyanje akajituliza kwamba huenda na ile nyingine itasomwa. Mama alipomwuliza, "Ndio wimbo wangu?" alijibu, "Utasikia salamu zako, mayo."

Jumapili hiyo uwanja wa nyumbani kwa Bi Umazi ulijaa. Klabu ilikuja na redio kubwa ya Mwero, ikawekwa juu ya kinu. Wanawake waliowahi kuimba na Bi Umazi walikuja na vitambaa vyao kiunoni. Bi Umazi alikuwa amevalishwa hando, amepakwa mafuta, amekaa wima. Hakuna aliyesema juu ya kusimama. Walijua ukilitaja litakimbia.

Mtangazaji akafika kwenye jina. "Salamu zimwendee mama yetu Bi Umazi wa Kinango, kutoka kwa klabu ya salamu ya Kinango." Akasoma majina yote. "Wanasema, mama, ugua pole. Na wimbo wake aupendao ndio huu."

Bi Umazi aliweka mkono mmoja begani kwa Mbeyu. Mwingine akaushindilia kwenye paja. Akainuka. Mbeyu anasema aliusikia uzito wote wa mama yake begani, halafu akausikia unapungua kidogo kidogo, kwa sababu miguu ilikuwa inaupokea. Makalio yaliachana na kigoda. Wanawake wakavuta pumzi ya kupiga vigelegele.

Gitaa likalia. Rumba.

Vigelegele havikutoka. Bi Umazi alibaki vile vile ameinama nusu, kichwa upande, akingoja. Labda huo ulikuwa wa kufungulia tu, labda nzumari inakuja. Mwimbaji akaanza kuimba kwa lugha ya mbali. Mama akajishusha taratibu, akakaa.

"Kuna Umazi mwingine Kinango?" akauliza.

"Mama, ni wewe!" Chaka alikuwa ameshaanza kucheza. "Inuka, mama, wimbo wako huo! Usitutupe!"

"Wangu?"

"Si rumba? Nyanje alituambia mama ni rumba damu!"

Bi Umazi akamtazama mwanawe. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni.

"Ulisema hivyo, Nyanje?"

Nyanje akaikazia macho redio.

"Sengenya uliitaja?"

"Niliiandika, mayo."

"Uliitaja? Kwa hawa wenzako, kwa mdomo wako?"

"Sikuitaja."

"Kwa nini?"

"Wangenicheka."

Rumba ilikuwa inaendelea, na hakuna mtu aliyekuwa anaisikiliza.

"Sikio langu mimi ni hili," mama akasema, akilishika. "La kizee, lakini ndilo nililo nalo. Wewe umekwenda kuniazimia la watu. Mwanangu, sikio la kuazima halichezi ngoma. Mzimieni redio yake huyo baba, betri zisiishe bure."

Mwero akaizima. Kache ndiye aliyesogea. Alichuchumaa mbele ya Bi Umazi, akamwuliza wimbo wake ni upi, naye akamweleza wote, na kikohozi cha Bemwaka ndani yake.

"Baba yangu alipiga ngoma ya sengenya," akasema Mwero polepole. "Sijawahi kulisema hilo pale kwangu."

"Nyinyi watu!" Chaka alishika kichwa. "Mimi nilikuwa natania. Nilidhani ngoma ya wazee haina mwenyewe!"

Ndiyo hivyo. Mtu mmoja anatania kwa kuwa anadhani haina mwenyewe, na wenyewe wamekaa pale pale wanacheka naye. Hayo ndiyo yanayonitia hofu mimi. Leo ni wimbo. Kesho anakuuliza mwenzako unapenda nini kingine, unakwenda wapi, unavuta nini, nawe umeshazoea kujibu kwa mdomo wake.

Waliandika kadi nyingine pale pale, na safari hii Nyanje aliandika jina lake la redioni na neno sengenya, mwandiko mkubwa. Wakamsihi Bi Umazi ajaribu kusimama hivyo hivyo, bila wimbo. Akakataa.

"Nilijikaza mara moja," alimwambia Mbeyu. "Nguvu ile haikai mfukoni, kusema utaitoa tena kesho."

Redio ina foleni yake. Wimbo wenyewe ulikuwa wa zamani, ikabidi utafutwe huko ulikohifadhiwa. Mvua za masika zikanyesha, zikaisha. Mafuta ya nyonyo yalikauka kwenye chupa. Goti likaganda, kama daktari alivyosema, kwanza la mguu uliovunjika, kisha la pili kwa kukosa kazi. Alipopelekwa tena hospitali walijaribu kuyanyoosha wakashindwa. Kuanzia hapo Bi Umazi alikuwa akibebwa, asubuhi kutolewa nje, jioni kurudishwa ndani. Aliishi hivyo miaka.

Lakini wimbo ulikuja. Jumapili moja, watu wakiwa wale wale, mtangazaji akalitaja jina, akaitaja sengenya, na nzumari ikapasua uwanja. Wanawake wakaruka. Bi Umazi akafumba macho. Mabega yakaanza, moja, halafu la pili, yakaenda yanavyotakiwa kwenda, na uso wake ukawa wa msichana. Mwili wote wa juu ulikuwa unacheza. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa kama kigoda alichokalia.

Bila kufumbua macho akasema, "Nyanje, nipe miguu."

Nyanje akasimama mbele ya mama yake. Alitaka, hilo Mbeyu analishuhudia, alitaka kwa moyo wake wote. Akainua mguu, akaushusha, haukukutana na ngoma. Akainua wa pili. Miaka yote ile wenzake walipokuwa wakiicheza uani, yeye alikuwa na safari, na miguu ikasahau.

"Tazameni, anaua mchwa!" kikongwe mmoja akapiga kelele, na wote wakacheka, na Nyanje naye akacheka huku machozi yanamtoka.

"Wa kushoto, Nyanje," mama alimwambia, mabega yakiendelea. "Usikimbilie. Ngoja nzumari imalize. Ngoja... sasa. Sio hivyo. Ngoja tena."

Akangoja. Akainua mguu wa kushoto. Kabla haujagusa chini wimbo ulikuwa umekwisha, na mtangazaji anasoma salamu za watu wengine, wa mahali pengine.

Basi wanangu, pendeni mnachopenda, na mkiulizwa mseme. Wenzenu wakicheka, wacheke wamalize. Sikio la kuazima halichezi ngoma.